Ndege ya Ladislaus

Ladislaus Chale hakupanda chombo chochote kabla ya kukizunguka. Iwe pikipiki ya kukodi, iwe lori la mahindi, hata baiskeli ya kuazima, alianza upande wa kushoto, akapita nyuma, akatokea mbele, akigusa kila tairi kwa mgongo wa vidole kama mama anayepima homa ya mtoto. Waendesha bodaboda wa stendi ya Mbinga walishamzoea. Mmoja alikuwa akimwambia, "Kapteni, lina upepo, nimelijaza mwenyewe jana," naye humjibu, "Jana siyo leo," akaendelea kuzunguka.

Mara ya kwanza kuiona tabia hiyo niliipenda. Baadaye nilianza kuitilia shaka, kwa sababu kila aliyeniambia kwamba Ladislaus aliwahi kuwa rubani wa ndege za kivita alinipa hiyo kama ushahidi. Walisema marubani ndivyo wanavyofanya. Nikawa najiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kumwona rubani akifanya chochote. Huku kwetu ndege hupita juu sana, nyeupe na ndogo, na mtu akiwa anapalilia kahawa hata kichwa hainui.

Nisingejishughulisha naye kama si mdogo wangu Rosina. Ladislaus alitaka kumwoa.

Rosina aliolewa kwanza na mtu aitwaye Pankras, mpole, mcheshi, aliyesema kazi yake ni kusimamia ujenzi wa barabara na kwamba ndiyo sababu hakai nyumbani. Waliishi hivyo miaka kadhaa. Kisha msimu mmoja wa kahawa mwanamke asiyejulikana alifika kwa Rosina, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akakaa barazani, akaomba maji. Rosina akampa. Alipomaliza kunywa akasema ametoka Tunduru na anamtafuta mumewe, Pankras. Mdogo wangu hakulia siku ile. Alikwenda shambani, akaendelea kuchuma, na tangu hapo sikumsikia akicheka kwa sauti mpaka alipokutana na Ladislaus, fundi wa simu na sola wa mjini, aliyemtengenezea taa kisha akaanza kupanda kijijini kwetu Kigonsera kuuliza kama taa bado inawaka.

Baba mdogo Aloisi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, aliniita. "Teodora, wewe umesoma, na uko huko huko mjini. Nenda ukamtazame huyo rubani. Huyu mtoto akidanganywa mara ya pili, hatutakuwa na la kumwambia."

Nilikwenda Jumamosi mchana, nimebeba redio ya Rosina iliyokuwa nzima kabisa.

"Shikamoo," nilimwamkia. Alikuwa anakaribia sitini, mwembamba, mashati yake yamepigwa pasi kuliko ya walimu wenzangu.

"Marahaba, Mwalimu. Ila tukifika kule tunakokwenda, nadhani mimi ndiye nitakayekuamkia wewe." Aliiwasha redio, akaisikiliza, akaizima. "Hii haina ugonjwa. Karibu ukae. Umekuja kunitazama mimi."

Jambo hilo lilinifanya nimshuku zaidi. Mtu anayejua kwamba anatazamwa huonyesha upande anaoutaka.

Mambo yake niliyoyapata siku ile ni haya. Alizaliwa Liuli, kando ya ziwa, baba yake mvuvi, akasoma shule ya misheni, akachukuliwa jeshini angali kijana na kupelekwa kambi ya mbali yenye uwanja wa ndege. Alikaa huko mpaka alipostaafu. Akafungua karakana ndogo Songea, kisha akahamia Mbinga kwa sababu, alivyosema, hewa ya baridi ni nzuri kwa betri. Kuhusu mke na watoto hakusema neno, nami sikuuliza. Yalikuwa maswali ya kuulizwa mbele ya wazee, si juu ya soda.

Nyuma ya duka alikuwa na chumba, na humo ndimo alimoweka ndege yake. Kiti kilikuwa cha basi dogo lililokufa. Chini ya miguu alifunga makanyagio mawili ya cherehani. Mbele ya kiti kulikuwa na kijiti cha kushika kwa mkono mmoja, na mbele yake kompyuta yenye kioo kikubwa. Ulikuwa mchezo wa vita vya angani, ule unaochezwa na watu wa nchi nyingi kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Alivaa vipokea sauti masikioni, na hata mimi niliyekaa pembeni niliwasikia watu kwa mbali, kwa Kiingereza, wakimwita Kapteni.

Nilidhani watakuwa wakibishana nani kamwangusha nani. Kumbe hapana. Ubishi wao ulikuwa ni kama ndege za mle ndani zinaruka kama ndege za kweli au zinadanganya, na katika ubishi huo Ladislaus alikuwa kama hakimu.

"Tazama," aliniambia, akivua vile vya masikioni. "Nakata kona kali. Ndege ya kweli ukiikunja hivi, mwendo unakufa. Inabidi ushuke chini kuutafuta. Hii yao inakunja, inakunja, na mwendo uko palepale. Umewahi kuona mbuzi anapanda mlima wa Matengo bila kuhema?"

"Na mwendo ukiisha kabisa?"

"Inatetemeka kwanza. Kisha bawa moja linaanguka, pua inatafuta ardhi, na ndege inaanza kuzunguka kama pia. Ni kitu kibaya, Mwalimu, ukikiona hutakula siku hiyo. Hii yao inainama tu taratibu. Kama inakuamkia."

Nilicheka, na nilikereka kwamba nimecheka.

Akaendelea kunionyesha makosa. Akasema ndege ya kivita ikipita chini unaiona kwanza, sauti inafika baadaye na kukupiga kifuani, lakini hawa wameziweka pamoja. Akasema bawa likigeukia jua hung'aa mara moja tu, kama samaki anayejipindua, ila hawa wamelifanya ling'ae muda wote. Alisema haya kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayesikia wimbo wa kijijini kwao ukiimbwa vibaya. Nami nilikuwa nawaza jambo moja. Aliye ndani ya ndege angesikiaje sauti inayofika baadaye?

Kisha niligundua kwamba tangu aanze alikuwa ameweka picha ya nje. Tuliiona ndege yake kama wanavyoiona watu waliosimama kando ya uwanja, ikipanda, ikipinduka, ikirudi.

"Hebu nionyeshe anachokiona rubani mwenyewe," nilisema.

"Ndani hakuna cha kuona. Saa tupu."

"Nataka kuziona hizo saa."

Alisita kidogo, akabonyeza, tukaingia ndani. Kweli zilikuwa saa nyingi. Nikamwuliza kuhusu moja ya pembeni, yenye mshale uliosimama kwenye moja.

"Hiyo ni uzito wako. Moja ni hivyo ulivyokaa. Ikisoma nne, ni kama umebebeshwa Walimu wengine watatu mgongoni. Ikishuka chini ya sifuri, hujakaa tena kitini, umening'inia kwenye mikanda."

"Zungusha duara kamili. Lile la kusimama, la kwenda juu na kurudi."

Alivuta kijiti. Anga ilijaa kioo, kisha ardhi ikatokea juu yetu.

"Hapo juu kabisa, kichwa kikiwa chini," niliuliza, "mwili unasikia nini?"

"Unaning'inia." Hakufikiri hata kidogo. "Mikanda inakukata mabega, damu yote inashukia kichwani. Hata vumbi la sakafuni linakuangukia usoni."

Mimi nilikuwa naitazama ile saa. Mshale, uliokuwa umepanda alipovuta kijiti, ulishuka, ukakaribia moja, ukaanza kupanda tena. Sifuri haukuigusa.

Kila mwaka, tukifika mada ya mwendo wa duara, huwatoa wanafunzi nje na kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa changu. Wa mbele hujikunyata wakingoja kulowa. Hawalowi. Maji yanabaki yamegandamia kitako cha ndoo hata ndoo ikiwa imepinduka. Rubani anayelizungusha duara lake sawasawa yuko kama yale maji. Pale juu amekandamizwa kitini, na vumbi limetulia sakafuni. Anayedhani mtu ananing'inia ni yule anayetazama kutoka chini. Mchezo ambao Ladislaus aliutukana mchana kutwa kuwa ni wa uongo ulikuwa umesema kweli mahali hapo, na yeye hakujua.

Sikumwambia. Nilimaliza soda yangu, nikashukuru, nikaondoka na redio.

Rosina alinipigia simu. "Umemwonaje?"

"Ni mpole."

"Dada, hata Pankras alikuwa mpole. Nakuuliza umemwonaje."

"Subiri sengu," nilimwambia.

Zamani, kwetu Wamatengo, wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, na mashauri yote yakakatwa hapo hapo. Hiyo ndiyo sengu. Siku hizi kila nyumba inakula kivyake mbele ya televisheni. Baba mdogo Aloisi huifufua sengu kunapokuwa na ndoa au msiba tu, na ametukaribisha wanawake kwa sababu, anavyosema, wanaume waliobaki nyumbani hawatoshi hata kuumaliza ugali. Lakini sharti moja hakubali livunjwe. Mgeni huulizwa kila kitu kabla ya maji ya kunawa. Maji yakishapita, mgeni akishamega kwenye sahani ya wote, neno limefungwa. Anayelifungua tena amekitukana chakula.

Baba mdogo alikuwa amenipangia namna ya kuuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa. Nianze na nyumbani kwake, kisha ukoo, kisha kama ana mke au mtoto mahali popote, na mwisho kazi. "Usianze na kazi," alinionya. "Kazi ni nguo tu, mtu anavaa na kuvua."

Nilianza na kazi. Uongo nilikuwa nao mkononi, nikaona nikiuvunja ule, mwingine wote, kama upo, utafuata wenyewe kama ukuta uliong'olewa tofali la chini.

Tulikaa kwenye mkeka, ukungu wa Kigonsera ukiingia mpaka mlangoni. Ladislaus alikuja peke yake, amevaa koti. Shangazi Ottilia alimpokea kwa mdomo wake ule ule.

"Kapteni, ndege umeiegesha wapi? Kuku wangu hawajazoea makelele."

"Nimeiacha juu ya ngolo, Shangazi. Hayo mashimo yenu ya kulimia yameifunga tairi."

"Angalia isije ikaliwa na mbuzi. Kwetu mbuzi anakula mpaka bati."

Walicheka wote, hata Aloisi. Niliona kwamba tukiendelea hivyo tutamwoza Rosina kwa mzaha. Nikamwuliza pale pale.

"Juu kabisa ya lile duara, rubani ananing'inia au amekandamizwa kitini?"

Alinitazama. Nadhani alijua hapo hapo kwamba nilishalijua jibu. Angeweza kukisia, palikuwa na majibu mawili tu.

"Sijui, Mwalimu," alisema.

"Siku ile uliniambia ananing'inia."

"Nilikuambia ninavyodhani. Sijawahi kuwa ndani." Aliiweka mikono yake magotini. "Nilikuwa fundi wa matairi na breki. Ndege zinapanda, nazitazama. Zinapinduka huko juu, nazitazama. Zikitua, mimi ndiye wa kwanza kuzigusa, tairi bado la moto. Niliwahi kuomba wanipandishe kiti cha nyuma, mara moja tu. Wakaniambia kanyoe ndevu kwanza. Nikanyoa. Wakaniambia kesho. Kesho yake nikanyoa tena."

Hakuna aliyecheka.

"Na huo ukapteni?" Aloisi aliuliza.

"Wale wa kwenye kompyuta waliniuliza nilirusha ndege gani. Nikataja ile niliyokuwa naifunga matairi. Wakaanza kuniita Kapteni. Kisha vijana wa duka wakasikia, na wa stendi wakasikia. Nikaona ni jina zuri, sikulikataa."

"Na mimi uliniambia," Rosina alisema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, birika la maji ya kunawa mkononi. "Uliniambia kwa mdomo wako, kwamba kutoka juu ziwa linaonekana kama kipande cha bati."

"Nilikuambia."

"Hukuwahi kuruka hata siku moja?"

"Hata kama abiria."

"Basi tuko sawa," alisema Shangazi Ottilia, "hata mimi bado."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliochoka kuogopa. Rosina peke yake hakucheka. Alimtazama Ladislaus, nami nilikuwa nangoja aligeuze lile birika na kulimwaga nje, kwa sababu hivyo ndivyo ningefanya mimi.

"Nitaolewa na fundi wa matairi," alisema. "Huyo Kapteni aende zake."

Baba mdogo Aloisi alipiga goti lake kofi moja la furaha. "Leta maji, mwanangu."

Maji yakapita kutoka mkono hadi mkono. Ladislaus akamega, akachovya kwenye maharage, akala. Nami nilikuwa nimeshaingiza vidole vyangu kwenye ugali niliposhtuka kwamba maswali matatu yamebaki. Niliinua uso. Baba mdogo Aloisi alikuwa ananitazama mimi, tonge limesimama karibu na mdomo wake. Yeye pia alikuwa amekumbuka. Alitikisa kichwa kidogo sana, akala.

Tulipoingia jikoni kuosha vyombo nilimwambia Rosina amwulize mwenyewe, wakiwa wawili, kama kuna mtu Liuli. Alikuwa anasugua sufuria.

"Ameweza kusema mbele ya ukoo mzima kwamba ni mwongo. Wewe umewahi kumwona mwanaume akifanya hivyo?"

"Aliyetoa uongo mmoja huenda anafunika mwingine."

"Dada, wewe hata ukipewa embe unatafuta funza kwanza."

"Na hupatikana."

"Basi kula wewe funza," alisema, na akacheka kwa sauti, cheko lile ambalo nilikuwa nimelisahau.

Ladislaus aliondoka kwenda Liuli kuwaleta wazee wake. Wakati huo kahawa ilikuwa bado ya kijani mitini. Sasa imeshachumwa, imeanikwa na kufungwa kwenye magunia, na hajarudi.

Mwanzoni simu yake iliita. Alisema baba yake mkubwa anaumwa. Baadaye alisema mtandao wa ufukweni ni mbaya. Siku hizi simu haiiti kabisa. Rosina ana ufunguo wa duka, na kila nikimsogelea na maneno yangu hunionyesha ule ufunguo. "Anayetoroka haachi mali." Nilimkumbusha kwamba Pankras aliacha kitanda na redio. Siku hiyo hakunisindikiza.

Tulifungua kile chumba pamoja. Kiti cha basi kipo, makanyagio ya cherehani yapo. Rosina aliwasha kompyuta, nami nikamsomea maneno yaliyojaa kwenye kioo. Wale watu wa mbali walikuwa wanauliza Kapteni yuko wapi. Mmoja aliandika kwamba ndege zimerekebishwa, kwamba sasa zikikata kona zinapoteza mwendo kama alivyotaka, na kwamba wanamngoja aje aseme kama ni sawa.

"Niwajibu nini?" niliuliza.

"Waambie amesafiri," Rosina alisema.

Nina rafiki niliyesoma naye chuo, Lidia, ambaye anafundisha Liuli. Nilimwomba aulizie bila kelele. Alinirudishia jibu ambalo nimelizungusha kichwani mpaka limechakaa. Akina Chale ni wengi, alisema, na Ladislaus ni wawili. Mmoja alikufa zamani. Mwingine, mstaafu wa jeshi, anaonekana mara moja moja, na watu wanasema anajenga nyumba huko Kingerikiti. Anamjengea nani, Lidia hakupata mtu wa kumwambia.

Nilimpelekea Rosina habari hiyo nikiwa na uhakika kwamba itamfungua macho. Aliweka chini ungo wa maharage, akashika mashavu yake.

"Ananijengea," alisema. "Ndiyo maana yuko kimya. Anataka anishtukize."

 Inawezekana ni kweli. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo, na bado sijui kama ninamwogopea mdogo wangu au ninamwonea mtu ambaye kosa lake ni kutamani kupanda juu. Rosina ameshona gauni. Limetundikwa ukutani, limefunikwa shuka kuzuia vumbi.

Siku ile ya Ladislaus kuondoka mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka kwenye basi la Mbamba Bay, njia ya Liuli, kwa kuwa Rosina alikuwa kwenye zamu ya kupalilia kahawa. Alipata kiti cha dirishani. Tulizungumza habari za barabara, na habari za samaki ambao angetuletea. Dereva alipowasha gari, Ladislaus aliinama kidogo ili wa kiti cha pembeni asisikie. Alikuwa akitabasamu, na mpaka leo sijui lilikuwa tabasamu la namna gani.

"Shemeji," alisema, "siku ile kabla ya maji mlikuwa na ruhusa ya kuniuliza lolote, nami ningejibu. Mkaniuliza ndege."